Feni Mbili na Viti Viwili hadi Homa Bay

Kabla sijaanza

Tangu nirudi, kila anayepita hapa Migosi, Kisumu, ananiuliza swali lile lile: Mwalimu, ulifikaje Homa Bay na kile kigari, tena na mama mkwe? Nimesimulia mpaka sauti imekauka. Na kila nikisimulia, kuna mtu anaongeza chumvi yake. Juzi nilisikia sokoni kwamba gari lilishika moto na mama mkwe akauzima kwa sufuria ya uji. Hapakuwa na moto, na uji hatukuwa nao. Kwa hiyo naandika mambo yalivyokuwa, mpitishiane, mniache nisahihishe madaftari ya hesabu kwa amani.

Kaloleni

Gari langu lilikuwa Kaloleni, mtaa mwingine wa Kisumu, nyuma ya nyumba ya Wafula. Wafula ni rafiki yangu kutoka Bungoma, na kazi yake ni kufunga umeme majumbani. Gari lenyewe ni la michezo, la Kiingereza, la miaka ya sitini, na lina viti viwili tu. Zamani lilikuwa jekundu, sasa lina rangi ya tofali. Paa lake ni la turubai, nalo limechanika. Ukiketi ndani unahisi umekaa kwenye karai.

Ugonjwa wake ulikuwa mmoja: kuchemka. Feni yake ya chuma ilizungushwa na mkanda wa injini, kwa hiyo injini ikienda polepole feni nayo ilizunguka polepole, wakati ule ule inapohitajika zaidi. Nikikwama nyuma ya lori karibu na stendi ya basi, moshi mweupe ulikuwa ukitoka kwenye boneti watu wakakimbia.

Ndipo mimi na Wafula tukaamua kulitilia feni za umeme. Tulipata mbili kutoka kwa gari la Kijapani lililokuwa limeanguka huko Awasi. Tukazifunga nyuma ya rejeta, lile sanduku la maji ya kupoza injini, kwa vipande vya bati, tukavuta nyaya, tukatia swichi chini ya dashibodi, swichi ya kawaida kabisa, ya ukutani, ya kuwashia taa ya sebuleni. Ile feni ya chuma tukaing'oa, kwa sababu nafasi ya kukaa zote tatu haikuwepo. Jumamosi asubuhi nikabonyeza swichi. Zikavuma vizuri, zote mbili. Wafula akapiga makofi akasema, "Sasa hii ni ndege."

Hatujalitoa hata hadi barabarani, akaja dada yake mama mkwe, ambaye ana duka nyumba chache kutoka kwa Wafula. Alikuwa anatembea upesi na leso imemdondoka begani.

"Mwalimu," akasema, "simu imepigwa dukani. Kutoka Homa Bay."

Mke wangu Achieng anafundisha shule ya msingi karibu na Homa Bay. Mimba yake ilikuwa ya kwanza, na mpango ulikuwa aje Kisumu wiki ile ajifungulie huku. Mama yake, Mama Dorka, alikuwa amekwisha kufika kutoka Siaya na kukaa kwa dada yake pale Kaloleni, akimsubiri. Sasa mwalimu mwenzake Achieng ndiye aliyepiga simu. Uchungu ulikuwa umeanza mapema. Mtoto amekaa vibaya. Daktari alitaka kumpasua, na Achieng amekataa kuingia chumba cha upasuaji mpaka mama yake afike.

Lazima niwaeleze kwa nini. Achieng alikuwa na dada mkubwa, Auma. Auma naye alipelekwa kupasuliwa wakati wa kujifungua, miaka mingi nyuma. Aliingia akiwa anaongea. Hakutoka.

Siku hiyo matatu zilikuwa zimegoma. Meli ya kwenda Homa Bay haikuwa siku yake. Wenye teksi waliposikia Ahero kuna mafuriko walitingisha vichwa. Tulijaribu wanne, wote wakakataa. Nikarudi kwa Wafula. Sote tulikuwa tukilitazama gari.

Sasa, kwa wale marafiki zangu wasio Wajaluo. Kwetu, mama wa mke wako ni maro, na wewe na maro hamzoeani. Hamshikani mikono, hamli chakula pamoja, hata kutazamana usoni kunafanywa kwa adabu, kidogo kidogo. Tangu nimuoe Achieng sikuwahi kukaa karibu na Mama Dorka kuliko upana wa sebule. Yeye hunisalimu kutoka mlangoni na kuniita Mwalimu, basi.

Alitoka na kikapu mkononi na kitambaa cha kichwa amekifunga mara mbili. Akalizunguka gari.

"Hii ndio gari?"

"Ndiyo, Mama."

"Kiti ya nyuma iko wapi?"

"Haina, Mama."

Akakihamishia kikapu mkono mwingine. Wafula alijifanya anatafuta spana.

"Basi leo Nyasaye atazame kando kidogo," akasema, akimtaja Mungu kwa Kijaluo, akaingia.

Akaweka kikapu katikati yetu kiwe ukuta. Ikabidi nimwombe radhi: kilikuwa kimekaa juu ya gia, na bila gia hatungeenda. Akakihamishia mapajani bila kunitazama. Wafula akafunga mlango wake taratibu, kama anayefunga kanisa, nasi tukaondoka.

Hadi Ahero

Barabara ya kutoka Kisumu ilikuwa tupu kwa sababu ya mgomo, na gari lilikimbia vizuri. Mimi nilitazama mbele. Mama alitazama mashamba upande wake. Upepo ulipiga turubai tap tap tap, na hiyo ndiyo iliyokuwa sauti pekee. Nilikuwa nimewasha feni tangu Kaloleni, kwa fahari. Lakini kabla ya Ahero nikaona mshale wa geji ya joto unapanda. Nikajiambia ni kawaida, ni gari la zamani kwa mambo mapya.

Tukakuta mafuriko. Mto Nyando ulikuwa umevunja kingo zake ukapita juu ya lami, si wa kutisha, chini ya magoti, lakini magari yalipitishwa moja moja na foleni ilikuwa imefika mbali. Nikaona tumekwisha. Kusimama ndiko kulikokuwa kunalichemsha siku zote. Nikakodolea geji macho.

Mshale ukashuka.

Polepole, lakini ukashuka. Tulikaa pale kwenye jua la Kano, injini inanguruma, na gari likapoa kama limeingia kivulini. Nikashangilia moyoni. Nikasema: feni zimefanya kazi! Sikujiuliza kwa nini lilikuwa linapata joto tukiwa tunakimbia.

Polisi aliyekuwa akipitisha magari akatufikia. Akainama, kwa sababu gari ni fupi, akatuchungulia.

"Hii ni ya rally?"

"Hapana, afande. Tunaenda hospitali Homa Bay."

"Mgonjwa ni huyu mama?"

"Hapana. Mgonjwa yuko Homa Bay. Huyu ni mama wa mke wangu."

Akasimama wima. Akatazama viti viwili. Akanitazama mimi, halafu akamtazama Mama Dorka, ambaye alikuwa anatazama mpunga.

"Wewe ni Mjaluo?"

"Ndiyo."

"Na huyu ni maro wako?"

"Ndiyo."

"Hapana," akasema, kama mtu aliyeambiwa kwamba ziwa limekauka. "Mtu hawezi beba maro wake kwa kitu kama hii. Mko na shida gani kweli?"

Mama Dorka akageuka kwa mara ya kwanza tangu Kaloleni. "Kijana," akamwambia, "binti yangu anajifungua na mtoto amekaa mbaya. Ningekuja hata kwa wilbaro."

Polisi akavua kofia. Akapiga filimbi, akasimamisha lori ambalo zamu yake ilikuwa imefika, akatupitisha mbele ya foleni yote. Maji yakaingia chini ya milango. Mama akainua miguu yake na kikapu chake na kuanza wimbo wa kanisa kwa sauti ya chini. Tulipotokea ng'ambo akamalizia ubeti, akashusha miguu.

Ahero hadi Katito

Baada ya Ahero nikakanyaga mafuta, kwa sababu ya muda tuliopoteza. Hatukufika mbali. Mshale ukapanda mpaka mwisho wa geji ukabaki hapo, harufu ya chuma cha moto ikaingia ndani, kisha mvuke ukatoka pande zote za boneti. Nikaegesha kando.

Nikafungua. Feni zilikuwa zinazunguka kwa bidii, zote mbili. Nikazikagua, sikuona kosa. Nikafungua kizibo cha rejeta kwa gunia, maji ya moto yakaruka, nikarudi nyuma.

Mwanamke mmoja alikuwa anapalilia shamba la mahindi karibu na barabara. Alikuja na mtungi wa maji kichwani hata kabla hatujamwita. Akamuuliza Mama Dorka kwa Kijaluo tunakwenda wapi, na Mama akamwambia yote, mpaka habari za Auma. Mimi nikasogea mbali kidogo kwa adabu, lakini masikio hayana adabu.

"Na wewe ukifika utamwambia nini?" yule mwanamke akauliza. "Aingie, au asiingie?"

Mama Dorka akakaza kitambaa chake cha kichwa. Akasema, "Sijui."

Nilikuwa nimemshikia mwanamke wa watu mtungi wake, nusura niuangushe. Njia nzima nilikuwa nikidhani nampeleka Mama akamwambie Achieng akubali. Haikunipitia akilini kwamba nampeleka akamwambie akatae.

Tukalinywesha gari, tukashukuru, tukaondoka. Hatujafika Katito likachemka tena. Tukasimama, nikaliacha linanguruma huku feni zinavuma, mshale ukashuka. Tukaondoka, mshale ukapanda. Nafundisha hesabu, nawaambia kweli, na hesabu hii ilinishinda: gari likisimama linapoa, likienda linachemka. Kinyume cha magari yote duniani.

Kando ya barabara, baada ya Katito

Pale Katito tukaacha lami tukaingia barabara ya Kendu Bay, ya murram, yenye mashimo. Baada ya kupanda kilima kidogo mvuke ukatoka tena. Safari hii nilizima injini nikaacha feni zikizunguka kwa betri. Nikakaa chini kwenye nyasi. Sikuwa nafikiria gari tena.

"Mama," nikasema nikiwa nimetazama udongo, "nisamehe nikiuliza. Utamwambia akatae?"

Alikuwa amesimama upande wa pili wa gari, kwa hiyo gari lilikuwa katikati yetu, na nadhani hilo ndilo lililotuwezesha kuongea.

"Mwalimu, siku ya Auma waliniambia nikae nje. Nikakaa nje. Hakuna mtu alikuja kuniambia wanafanya nini, kwa nini, wanakata wapi. Jioni wakaniletea nguo zake. Mpaka leo mimi sijui mtoto wangu alikufa na nini. Sasa wewe unaniuliza nitasema ndiyo ama hapana. Nitasema ndiyo kwa kitu gani?"

Nikainuka. Niliona aibu kulia mbele ya maro wangu, kwa hiyo nikachukua kitambaa changu, nikakilowesha kwa maji yaliyobaki, nikapangusa uso, kisha nikaenda mbele ya gari nikakibandika kwenye wavu wa mbele ya rejeta kikauke. Feni zinavuta hewa kutoka mbele kwenda nyuma. Kitambaa kilipaswa kunata kwenye wavu kama kimepigwa gundi.

Kikanirukia usoni.

Nikakibandika tena. Kikaruka tena, kikaangukia barabarani. Nikaweka kiganja pale. Upepo wa moto ulikuwa unatoka kwenye rejeta kuja kwangu.

Feni zilikuwa zinazunguka kinyume.

Nikacheka. Nilicheka mpaka Mama Dorka akauliza kama ni jua limenipiga.

"Kuna nini, Mwalimu?"

"Feni zimegeuka, Mama. Zinapuliza badala ya kuvuta."

"Nieleze."

"Ni mambo ya nyaya tu, Mama. Sasa hivi nita..."

"Nieleze," akasema tena. "Mimi pia nimekaa ndani ya hiyo gari."

Basi nikamweleza. Nikamwambia kwamba umeme wa nyumbani, anaoufanya Wafula, haujali: feni ya chumbani uifunge waya huu au ule, itazunguka upande ule ule. Lakini feni za gari si hivyo. Ukibadilisha chanya na hasi, zinarudi kinyume. Na magari ya siku hizi yote upande wa hasi wa betri ndio umefungwa kwenye bodi, wakati hiki kizee cha Kiingereza kimefungwa chanya. Nililijua hilo tangu nilipolinunua, nimebadilisha betri yake kwa mkono wangu, na siku ya kufunga feni halikutujia akilini, mimi wala Wafula.

Alisikiliza huku ameegemea mlango. Akauliza, "Kwa hiyo ukisimama, upepo wake unatoka mbele, bado unapoza kidogo?"

"Ndiyo."

"Na ukienda, upepo ya barabara inakuja, na hii inatoka. Wanapigana hapo kwa mlango."

"Ndiyo, Mama. Na hakuna anayepita."

"Sawa," akasema. "Nimeelewa. Tengeneza."

Sikuwa na koleo. Akatoa kwenye kikapu kisu chake cha kupalia samaki. Nikakata nyaya, nikazipishanisha, nikazisokota kwa vidole. Sikuwa na utepe wa kufungia pia. Akatoa plasta ya vidonda, akaikata vipande kwa meno na kunipa kimoja kimoja. Tulikuwa tumeinama chini ya boneti moja, bega lake karibu na langu, na hakuna aliyetazama kando.

Nikabonyeza swichi. Nikabandika kitambaa. Kikanata.

Mama Dorka alikivuta, akakiachia, kikarudi kunata. Akafanya hivyo mara mbili tatu. Halafu akasema, "Twende."

Kendu Bay

Jamani, gari lilikwenda! Tulivuka daraja la mto Sondu mshale ukiwa umelala katikati kama mtu aliyeshiba. Ziwa likatokea upande wa kulia. Njaa nayo ikatokea, kwa sababu tulikuwa hatujala tangu asubuhi na mikono yangu ilianza kulegea kwenye usukani. Mama akasema tusimame Kendu Bay, tule upesi, maana dereva mwenye njaa ni hatari.

Kulikuwa na kibanda cha samaki karibu na soko. Nikaagiza ngege wawili wa kukaanga na ugali. Mwenye kibanda, mama mnene mwenye maneno mengi, akatuletea sinia moja, akaiweka katikati, akasema, "Karibuni, Baba na Mama."

Alidhani ni mke wangu! Mama Dorka aliinuka kana kwamba benchi limemchoma. Mimi nikarudi nyuma nikagonga ndoo. Ilibidi nieleze, na yule mama akajipiga kifua, akaomba msamaha kwa Mungu na kwa ukoo wote wa Mama Dorka, akakimbia kuleta sinia ya pili. Nilikula nyuma ya gari nimechuchumaa, Mama akala ndani ya kibanda. Naapa sijawahi kula ngege mtamu kama yule, na mchuzi wa nyanya ulionitiririka hadi kiwiko.

Tuliporudi kwenye gari nikageuza ufunguo. Kimya. Nilikuwa nimeacha feni zikizunguka muda wote tulipokuwa tunakula, ili tukute rejeta imepoa. Dinamo ya gari hili, ile ya kuchaji betri, ni ndogo, ilitengenezwa kwa taa mbili na honi. Feni mbili zilikuwa zimeifyonza betri mpaka ikaisha.

Hapo ndipo nilipotaka kukaa chini kabisa. Jua lilikuwa linateremka. Achieng alikuwa amelala huko kitandani anasubiri, na mimi nimeketi Kendu Bay nimeshiba samaki.

Mama Dorka alivuka barabara. Kulikuwa na kundi la akina mama wa kanisa wamevaa sare nyeupe na vitambaa vya buluu, wanatoka mazishini. Nikamwona anaongea nao, anaonyesha gari, anaonyesha tumbo. Wakaja wote. Wakaweka vitabu vyao vya nyimbo kwenye kiti cha Mama, wakavua viatu, wakashika gari nyuma.

"Ingia, Mwalimu," mmoja akasema. "Weka gia ya pili, ukisikia tunaimba *hallelujah* achia klachi."

Walijua kazi hiyo. Wakasukuma huku wakiimba, watu wa soko wakasimama wakatazama, na kwenye *hallelujah* ya kwanza nikaachia klachi, gari likakohoa, likashtuka, likanguruma. Sikuthubutu kulizima. Wakachukua vitabu vyao, Mama akaruka ndani, na mmoja wao akampigia kelele: "Ukifika mwambie binti yako tumemsukuma na sisi!"

Hadi Homa Bay

Nilijifunza haraka. Barabara ikinyooka, upepo wa kwenda wenyewe unatosha, nazima feni ili betri ijaze. Tukipanda au tukipita penye mashimo, nawasha. Baadaye Mama ndiye aliyeshika kazi ya swichi, kwa sababu ilikuwa upande wake. Sikumwambia awashe lini. Alikuwa akitazama geji, akiona mshale unapanda anabonyeza, ukishuka anazima.

Karibu na mji, mlima Asego ulipotokea mbele yetu, akasema bila kugeuza kichwa, "Mwalimu, daktari akikubali kunieleza vile wewe umenieleza, nitamwambia aingie."

"Nitamwomba, Mama."

"Usimwombe. Nitamuuliza mwenyewe."

Tulifika hospitali jua linazama. Niliegesha kwenye mteremko, ili nisihitaji wasukumaji tena. Achieng alikuwa amelala ubavu, uso umevimba, midomo imekauka. Alipomwona mama yake akaanza kulia kama mtoto. Mimi alinitazama akasema, "Mmekuja na *ile* gari?" Hata katika hali ile.

Daktari alikuwa kijana, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Mama Dorka akasimama mbele yake na kikapu chake.

"Mimi ndiye mama yake. Nieleze. Mnakata wapi, kwa nini, na mkishakata nini inafuata. Pole pole."

Nilihofia daktari atakasirika. Lakini alivuta kiti akampa Mama akae, na yeye akachutama, akamweleza kwa Kijaluo, akichora kwa kidole kwenye shuka. Mtoto amekaa hivi, bega liko hapa, mlango uko hapa. Dawa ya usingizi inafanya hivi. Hatari ni hizi, na hatari za kungoja ni hizi, kubwa zaidi. Mama akauliza. Akajibu. Mama akauliza tena, kuhusu damu, na nikajua anauliza habari za Auma. Daktari akasema hajui kilichompata Auma kwa sababu hakuwepo, lakini akamwambia ni mambo gani huweza kutokea na wao wamejiandaa vipi. Hakumdanganya kwamba hakuna hatari.

Mama Dorka akainuka, akamshika Achieng uso kwa mikono miwili.

"Nenda," akamwambia. "Nimeuliza kila kitu. Nenda, mimi niko hapa mlangoni."

Wakamsukuma kwenye kitanda cha magurudumu. Tukakaa nje kwenye benchi, yeye mwisho huu, mimi mwisho ule. Safari yote niliyowaeleza, mafuriko, mvuke, betri, haikuwa ndefu kama benchi lile. Muuguzi alitoka mara moja, kwa maagizo ya daktari, akatuambia wameanza na mambo yanakwenda sawa. Mama akaitikia kwa kichwa, akashusha pumzi. Muuguzi akatoka tena baadaye, na safari hii alikuwa amebeba kitu kilichofungwa kwenye shuka ya kijani.

"Msichana," akasema. "Na mama yake anawatukana kwa usingizi. Wako wazima wote wawili."

Mama Dorka alipiga kelele ya furaha, ile yenyewe ya kwetu, ndefu, mpaka wodi ya pili wakaitikia bila kujua wanaitikia nini. Muuguzi akamsihi anyamaze, huku anacheka.

Kurudi

Nilikaa siku chache, mpaka Achieng akaweza kukaa kitandani na kunicheka vizuri kwa habari za sinia ya Kendu Bay. Yeye na mtoto watabaki huko kwanza, na Mama Dorka anawaangalia. Mtoto ameitwa Auma. Bibi yake ndiye aliyesema jina hilo, na Achieng akalirudia, na hapakuwa na mjadala.

Shule ilinisubiri, kwa hiyo niliondoka peke yangu asubuhi moja, anga safi baada ya mvua. Matatu zilikuwa zimerudi kazini, zikinipita na kunipigia honi. Gari lilikwenda vizuri mno, hata nikasahau kutazama geji. Kiti cha pili kilikuwa kitupu, na swichi nilikuwa naifikia kwa shida.

Kabla ya Kendu Bay, mahali ambapo barabara inakaribia maji, nikasimama. Gari halikuwa na kosa lolote. Nilizima tu, nikashuka, nikakaa juu ya jiwe, na yale machozi niliyoyazuia tangu Kaloleni yakatoka yote kwa pamoja, bila kuniomba ruhusa.

Mwanamke mmoja alikuwa anaanika omena, dagaa wa ziwani, kwenye nyavu karibu na hapo. Akanitazama, akalitazama gari, akaja huku anapangusa mikono kwenye leso.

"Baba, gari imeharibika?"

"Hapana, Mama. Gari iko sawa."

"Umefiwa?"

"Hapana. Mke wangu amejifungua. Wako wazima wote."

Akanikagua kidogo, kama anayepima kama nasema kweli.

"Basi lia kidogo," akasema, "halafu uende nyumbani."

Akarudi kwa omena wake. Nikalia kidogo, kama alivyosema, kisha nikaja nyumbani.